Chupa ya Shiraz na Baridi ya Lushoto

Basi la Lushoto likiwa bado limesimama Mombo, abiria hufungua madirisha yote na kujipepea kwa chochote kilichopo mkononi. Kilomita 33 baadaye, baada ya kona zinazowanyamazisha hata waongeaji, na baada ya kuyapita maporomoko ya Soni, abiria walewale huyafunga madirisha na kuanza kutafuta sweta kwenye mabegi. Mombo iko chini, kwenye mwinuko wa mita mia nne na ushei. Lushoto iko karibu mita 1,400. Kama ndani ya begi mojawapo kuna chupa ya divai nyekundu, nayo imetoka mahali panapoichosha na kufika mahali panapoipumzisha.

Watu wanapoitaja divai na milima ya Usambara kwa pumzi moja, kwa kawaida huuliza kama zabibu zinastawi huku. Swali lenye faida zaidi ni jingine: je, divai iliyokwisha kutengenezwa, hasa ile nzito inayohitaji miaka ili itulie, inaweza kukaa hapa bila mitambo? Na aina inayofaa kujibia swali hilo ni Shiraz ya Australia, kwa kuwa ni nzito kweli, inafahamika dunia nzima, na ndiyo inayoonyesha upesi kama ilitunzwa au ilitelekezwa.

Hata hivyo Usambara si mgeni wa divai. Karibu na Soni lipo shamba la Sakharani la watawa Wabenedikto, maarufu kwa makadamia na kwa divai ambayo wageni huinunua palepale. Jina la mahali lina kichekesho chake. Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyepigana na Mtwa Mkwawa na kujenga boma la Iringa mwaka 1896, alipachikwa jina la Bwana Sakarani. Sakarani ni neno lililotoka Kiarabu, na maana yake ni mlevi; inaelezwa kwamba aliitwa hivyo kwa jinsi alivyoingia vitani kama mtu aliyelewa. Alipoacha jeshi akawa mlowezi Usambara, shamba likachukua jina lake la utani, na yeye akauawa katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Ndivyo ilivyotokea watawa wenye nidhamu ya sala na kazi wakawa wanauza divai yao kutoka kwa Mlevi.

Na jina Shiraz je? Msomaji wa Kiswahili akilisikia huwakumbuka Washirazi, masultani wa Kilwa na masimulizi ya majahazi yaliyotoka Uajemi. Wa Zanzibar atakumbuka pia chama cha Afro-Shirazi cha mwaka 1957. Wapenzi wa divai nao walikuwa na simulizi linalofanana: kwamba zabibu hii ilitoka mji wa Shiraz, ikabebwa na msafiri mpaka Ufaransa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, pamoja na wenzao wa Montpellier, waliipima vinasaba. Wazazi wake wakaonekana ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za kusini-mashariki mwa Ufaransa, ambako mpaka leo huitwa Syrah. Uajemi haumo. Cha kuchekesha, mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya mifupa iliyofukuliwa kwenye makaburi ya kale ya pwani ya Waswahili, na humo asili ya Kiajemi ilionekana dhahiri, ikiwa imechanganyika na ya Kiafrika. Kwa maneno mengine, simulizi la watu limepata ushahidi, na la zabibu limekosa.

Australia haikuwa na mizabibu ya aina hii kabla ya walowezi. James Busby alikusanya vipandikizi Hispania na Ufaransa mwaka 1831, vikafika Sydney mwaka uliofuata. Lakini mahali palipoipa Shiraz umaarufu ni bonde la Barossa, kaskazini-mashariki mwa jiji la Adelaide, na waliolima huko wana undugu wa mbali na historia ya Lushoto. Walikuwa Wajerumani, Walutheri wa Silesia waliomkimbia mfalme wa Prussia alipotaka kuyalazimisha makanisa yaungane. Walianza kukaa Barossa mwaka 1842. Mwaka uliofuata, katika kijiji cha Langmeil, mmoja wao aliyeitwa Christian Auricht alipanda Shiraz, na baadhi ya mashina ya shamba lile yanazaa hadi leo.

Walutheri wengine wa Kijerumani walipanda milima ya Usambara mwaka 1891 na kujenga misheni Mlalo. Wao walileta shule, hospitali na nyimbo. Serikali yao ilifungua shamba la majaribio Kwai mwaka 1896, ikaijenga Wilhelmstal, mji uliopewa jina la Kaisari. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, Wilhelmstal ikawa Lushoto. Na huko Australia Kusini serikali ilifuta majina ya Kijerumani kwenye ramani, Langmeil ikaitwa Bilyara. Mizabibu haikuulizwa.

Mashina yale yamedumu kwa sababu ya kisa cha mdudu. Kuanzia miaka ya 1860 filoksera, mdudu mdogo anayefyonza mizizi, aliiangamiza sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya. Australia Kusini ilifunga mlango, ikatunga sheria kali ya kuzuia mimea kutoka nje, na hadi sasa mdudu huyo hajaingia. Kwa hiyo baadhi ya mizabibu ya Shiraz iliyo mikongwe kabisa duniani haiko kwenye nchi yake ya asili. Iko Barossa. Mzabibu mzee huzaa vishada vichache, na mtengenezaji huwa anataka hivyo.

Sasa glasi yenyewe.

Mtu anayeionja Shiraz ya Barossa kwa mara ya kwanza huona kwanza rangi: zambarau iliyokolea hadi inakaribia weusi, kiasi kwamba kidole kikiwekwa nyuma ya glasi hakionekani. Halafu uzito. Kilevi chake ni asilimia 14 hadi 15, karibu mara tatu ya bia ya kawaida, na ukiizungusha glasi hutelemka kwenye ukuta polepole kama michirizi ya maji kwenye kioo cha dirisha. Wataalamu wa Ulaya huieleza kwa majina ya matunda ya vichakani mwao ambayo mtu wa Tanga hajawahi kuyatia mdomoni, na hapo wengi hukata tamaa, wakidhani pua zao hazijasoma. Si kweli. Mtu aliyekulia kati ya Muheza na Lushoto ana pua iliyofundishwa kuliko ya watu wengi wa mijini Ulaya, ila hajaambiwa.

Chukua zambarau. Mtoto wa Tanga anazijua: utamu kwanza, kisha ulimi unakauka na kuwa wa buluu. Shiraz changa ina tunda la namna hiyo, limechanganyika na plamu mbivu, zile zinazouzwa kwenye ndoo kando ya barabara ya Soni msimu wake ukifika. Ule ukakasi unaobaki kwenye fizi ni kazi ya tanini, na mwalimu wa tanini aliye karibu zaidi ni chai. Weka majani ya chai ya Usambara kwenye birika, mimina maji yanayochemka, usahau dakika kumi na tano, kisha kunywa bila sukari wala maziwa. Mashavu yanavutwa ndani, ulimi unakwaruza kama umelambishwa ukuta. Tanini zimezikamata protini za mate, na mate yameacha kulainisha. Divai nzito hufanya hivyohivyo, na ndiyo maana hupatana na nyama yenye mafuta au jibini: protini za chakula hujitoa mhanga badala ya zile za mate. Kipande cha jibini la shamba la Irente, nje kidogo ya mji, kitamweleza mtu jambo hili haraka kuliko ukurasa mzima wa kitabu.

Kisha pilipili manga. Harufu yake katika Shiraz haikuwa mbwembwe za waonjaji. Mwaka 2008 watafiti wa taasisi ya utafiti wa divai ya Australia walichapisha jina la kemikali inayoileta, rotundoni, nayo ni ileile iliyomo kwenye punje za pilipili manga. Kiasi chake ni kidogo mno. Nanogramu kumi na sita ndani ya lita nzima zinatosha pua kuitambua. Lakini si pua zote. Katika majaribio yao, kama mtu mmoja kati ya watano hakuisikia hata kidogo. Kwa hiyo wawili wanapobishana mezani, mmoja akiapa kuna pilipili na mwingine akiapa hakuna, huenda wote wanasema ukweli. Zabibu za sehemu zenye ubaridi huwa nayo zaidi. Za bonde lenye joto huelekea kwenye jemu ya matunda na chokoleti. Wakulima wa viungo wa Amani na Muheza, wanaoanika pilipili manga, mdalasini na hiliki uani, wangefaulu mtihani huu wakiwa wamefumba macho.

Ladha moja zaidi humshangaza mtu wa pwani: nazi. Haitoki kwenye zabibu. Divai nyingi nzito za Australia hukaa kwenye mapipa ya mwaloni wa Marekani, mti wenye mafuta yanayonukia nazi na vanila. Pipa likiwa jipya harufu hiyo hutawala, na kwa maoni ya mwandishi huyu watengenezaji wengi wamezidisha, mpaka glasi inanuka kama kashata. Miaka ndani ya chupa hupunguza makali hayo.

Kuhusu miaka, kisa kinachostahili kusimuliwa ni cha Max Schubert, mtengenezaji mkuu wa kampuni ya Penfolds. Mwaka 1950 alitumwa Ulaya kujifunza namna ya kutengeneza sheri. Akapitia Bordeaux, akaonjeshwa divai zenye umri wa miaka 40 hadi 50 zikiwa bado hai. Aliporudi nyumbani akaamua kutengeneza divai ya Kiaustralia yenye umri kama huo, na kwa kuwa zabibu za Bordeaux zilikuwa haba kwao, akatumia Shiraz. Chupa za majaribio za mwaka 1951 akaziita Grange.

Wakubwa wake na waonjaji wa Sydney walipoionja, waliichukia. Ilikuwa changa, imejaa tanini, inakwaruza. Mwaka 1957 uongozi ukamwamuru aache. Schubert akaitikia kwa mdomo. Kwa misimu mitatu, 1957 hadi 1959, aliendelea kuitengeneza kwa siri na kuificha kwenye mahandaki ya kiwanda cha Magill, bila pesa za mapipa mapya. Wakati huo zile chupa za kwanza zilikuwa zikikua gizani. Zilipofunguliwa tena, zilizokuwa zikikwaruza zilikuwa zimelainika, na mwaka 1960 amri ikatenguliwa. Leo chupa moja ya 1951 imewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000 za Australia. Schubert hakubadilisha divai yake ili iwapendeze. Aliwasubirisha tu.

Kinachotokea gizani ni kemia ya polepole. Tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na kuungana na rangi, zikawa minyororo mirefu. Mingine huwa mizito hadi huzama chini kama mashapo. Ndiyo sababu divai ya zamani huwa imepauka kutoka zambarau kwenda rangi ya tofali, ukakasi umepungua, na harufu ya tunda bichi imekuwa ya zabibu kavu, ngozi na tumbaku. Mashapo hayo si uchafu. Chupa husimamishwa siku moja kabla, kisha divai humiminwa taratibu kwenye jagi na masalia kuachwa.

Kemia hiyo huendeshwa na joto, na hapa ndipo Lushoto inapoingia. Kanuni ya jumla ni kwamba joto likiongezeka nyuzi 10, kasi ya mabadiliko huongezeka karibu mara mbili. Wastani wa Dar es Salaam kwa mwaka ni kama nyuzi 26. Wa Lushoto ni kama 17 au 18. Chupa iliyokaa kabatini Dar kwa miaka mitano ina uzee wa karibu miaka kumi ya Lushoto, tena uzee mbaya, kwa maana joto haliharakishi tu, linapika. Dalili zake zinaonekana bila utaalamu: kizibo kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, kuna mchirizi mkavu wa divai chini ya karatasi, na ndani kuna ladha ya plamu zilizochemshwa zikaungulia. Chupa iliyosimama dirishani dukani ikipigwa jua la mchana haistahili bei yoyote, hata ikiwa na jina kubwa.

Vitabu vya fani hii hutaja nyuzi 12 hadi 15 kuwa joto bora la kuhifadhia. Lushoto haifiki hapo mwaka mzima bila msaada, na asiambiwe mtu kwamba inafika. Ila inakaribia, na muhimu kuliko namba ni utulivu: joto lisipande na kushuka. Nyumba za zamani za mawe zenye kuta nene hulifanya hilo vizuri. Chumba kinachofaa ni kilekile mama wa nyumba wa Kisambaa angechagua kuwekea viazi: sakafuni, giza, hakipigwi na jua la alasiri, hakina mafuta ya taa wala vitunguu vya kunukia. Jiko liwe mbali. Chupa yenye kizibo cha gome la mti ilazwe, ili kizibo kisikauke kikapitisha hewa; unyevu wa ukungu wa Magamba hukisaidia, ingawa karatasi ya chupa itaota kuvu kama haikufunikwa na nailoni. Nyingi za Australia siku hizi zina kifuniko cha kuzungusha, mtindo ulioshika kasi baada ya mwaka 2000, na hizo zinaweza kusimama bila madhara. Wanaodharau kifuniko hicho kwa kudhani ni alama ya divai duni wanajinyima.

Tahadhari moja ya kuokoa pesa: chupa nyingi si za kutunzwa. Shiraz ya bei ya kawaida ya dukani imetengenezwa inywewe ndani ya miaka mitatu hadi mitano, na kuiweka kumi ni kuipoteza. Barossa ya mtengenezaji makini huvumilia kumi hadi ishirini. Grange ya mwaka mzuri hupita thelathini, lakini mwenye uwezo wa kuinunua hahitaji makala.

Ushauri wa kwamba divai nyekundu inywewe ikiwa na joto la chumba nao umewapotosha wengi. Vyumba vilivyokusudiwa vilikuwa vya Ulaya ya zamani, vyenye nyuzi 16 hadi 18. Mtu wa Dar aitie kwenye jokofu nusu saa kwanza, la sivyo kilevi kitamrukia puani kabla ya tunda. Jioni ya Julai pale Irente, juu ya genge linalotazama tambarare za Mazinde, chupa haihitaji kufanyiwa chochote. Glasi iwe na tumbo na mdomo uliobana, ijazwe theluthi moja, na inusiwe kabla ya kunywewa.

Kwa nini basi milima hii isipande Shiraz yake? Barossa hupata mvua ya milimita 500 hivi kwa mwaka, nyingi zikiwa za majira ya baridi wakati mzabibu umelala. Kiangazi ni kikavu na zabibu huiva bila ukungu. Usambara ina vuli, ina masika, na ina ukungu katikati. Mzabibu haupati usingizi, na ubwiri unga haupati likizo. Dodoma, kavu na yenye jua, ndiyo iliyopewa kazi hiyo: wamisionari walipanda mizabibu Bihawana mwaka 1957, na leo wakulima huikata matawi kwa mpangilio wakavuna mara mbili kwa mwaka. Huko Syrah ipo, pamoja na Makutupora na Chenin Blanc. Kenya nayo ina Shiraz ya Leleshwa kutoka Naivasha.

Lushoto ni wilaya yenye misikiti mingi, na nyumba nyingi haziingizi chupa ndani. Hilo liheshimiwe na wageni wanaopanda kupumzika. Kwa wanaokunywa, na waliofikisha miaka 18, jaribio ni rahisi na halihitaji Barossa. Nunua chupa tatu za Syrah moja ya Dodoma, za mwaka mmoja. Fungua ya kwanza sasa na uandike ulichokionja. Ya pili iache Dar, ya tatu ipeleke Lushoto kwa ndugu mwenye chumba cha viazi, ukiandika tarehe kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito. Rudi baada ya miaka mitatu, uzifungue pamoja siku moja, na mwenye chumba apewe glasi ya kwanza.